Nani Aliyewaambia Hatuna Kitu

Sehemu ya sita

Kama ulinisoma wiki iliyopita, basi umeshanitukana, na sikulaumu. Hata mimi nimejitukana. Kwa aliyechelewa nitasema kwa kifupi, maana aibu haifai kurefushwa.

Mimi ndiye mshika mfuko wa Manyigu, timu ya watu watano tunaocheza mchezo wa bunduki kwenye kompyuta. Wenzangu huniita Hazina wakiwa wamefurahi, na Mkono wa Birika wakiwa wamenuna.

Kazi yenyewe haina maajabu. Kila raundi inaanza na duka. Ukishinda raundi unapewa fedha nyingi za mchezo, ukishindwa unapewa kidogo za kukufuta machozi. Kwa fedha hizo unanunua bunduki na fulana ya kuzuia risasi. Zikiwa hazitoshi, nasema neno moja tu, "Njaa," na wote watano hatununui kitu. Tunaingia na bastola za bure, tunakufa kwa bei nafuu, ili raundi inayofuata tununue wote kwa pamoja. Nikisema "Shibe," tunafungua mifuko.

Adui asijue lini una njaa. Akijua, anakuja mbio na bunduki za bei rahisi, anakumaliza, na anatajirika kwa mgongo wako.

Vifaru, wapinzani wetu wakubwa, walikuwa wanajua. Mechi tatu mfululizo, kila nikisema njaa, hao wanakuja mbio kama walioitwa chakula. Na mifuko yetu inaonekana kwenye skrini zetu watano tu.

Nikaanza kumtafuta mchawi. Nikamkuta mdogo wangu, mchezaji wetu wa tano, tuliyechangia ziwa moja, anaongea na Fundi Friji kwenye simu. Mara nne kwa wiki moja. Akiniona, anakata.

Fundi Friji ni mchumba wangu. Alikuwa mwenzetu, kisha akahamia Vifaru akawa nahodha wao. Nikamwambia sawa, mapenzi nyumbani, mchezo ukumbini. Nilijiona mtu wa kisasa kweli.

Basi Jumapili ile, mezani kwa mama, Fundi mwenyewe akiwa amekaa kulia kwangu, nikamgeukia mdogo wangu. "Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema. "Wewe ndiye unayeuza njaa yetu."  Alinawa mikono, akachukua mkoba na cherehani yake, akaenda kukaa kwa shangazi.

Mama hajanisemesha mpaka leo. Sasa sikiliza yaliyonikuta Jumanne.

Nafanya kazi duka la kutoa nakala. Wino wa unga unanikohoza, kwa hiyo kutwa niko na barakoa, macho tu nje. Saa nne asubuhi akaingia mwanamume amevaa aproni yenye madoa ya mafuta, kashika karatasi moja kwa ncha za vidole.

"Nakala tano, dada. Usizikunje, ni za watu wakubwa."

"Watu wakubwa gani wanaotuma mpishi?"

Akacheka. "Mimi ni mpishi mpaka saa tisa. Baada ya hapo ni Kifaru. Jumamosi tuna fainali, hujasikia? Ndiyo kwanza wamenisajili."

Nikasema sijasikia. Nikaichukua karatasi, nikaiweka juu ya kioo cha mashine, na kabla sijafunika nikaona mwandiko.

Mwandiko ule naujua kuliko wangu. Nina barua za Fundi kumi na moja ndani ya boksi la viatu, zote zina "k" ya kuburuta mguu. Nikasoma, na wenzangu wote wa timu walikuwemo.

Mwalimu akijeruhiwa anarudi nyuma, msimfuate. Kinyozi anapenda dirisha la kushoto. Dereva hana subira. Halafu chini kabisa, umepigiwa mstari, mstari wangu.

"Hazina: angalieni sikio lake la kushoto. Akisukuma hedifoni nyuma, hawana kitu. Ingieni kwa kasi. Hajawahi kukosea."

Mkono wangu ukapanda wenyewe hadi sikioni.

Ni kweli. Ukumbini timu mbili zinakaa zikitazamana, skrini mgongo kwa mgongo, na juu ya skrini vichwa vinaonekana. Mimi nikiwa na shibe naziba masikio yote mawili nisikie hatua za adui. Nikiwa na njaa najua tunakwenda kufa tu, sina cha kulinda, basi naachia sikio moja lipumue. Miaka mitatu nafanya hivyo na sikuwahi kujua kama nafanya.

Hakuna aliyetuuza. Nilikuwa naitangaza njaa yetu mwenyewe, kwa sikio langu mwenyewe, na nimemfukuza mdogo wangu nyumbani kwetu.

"Dada, mashine imekwama?"

"Haijakwama."

"Mbona unatoa machozi?"

"Wino."

"Pole. Kazi zote zina adhabu zake." Akainama kwenye kaunta, akanong'ona kama ananipa siri ya ukoo. "Huyu nahodha wetu ni kiboko. Anawajua watu mpaka masikio."

Nikampa nakala zake tano, zimenyooka kama alivyotaka. Ya sita nikaikunja mara nne, nikaitia ndani ya blauzi.

Mchana nikaomba ruhusa. Karakana ya Fundi iko nyuma ya ghala la magodoro, imejaa majokofu yaliyofunguliwa milango. Nilimkuta amelala chali, kichwa kiko nyuma ya mtambo, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Hii ni yako?"

Akatoka, akapangusa mikono, akaisoma karatasi mpaka mwisho kana kwamba haijui.

"Nani kakupa?"

"Nimekuuliza kama ni yako."

"Ni yangu." Akanirudishia. "Mchezo ni mchezo, mpenzi. Ulitaka nijitie upofu?"

"Umejua lini habari ya sikio?"

"Mwaka juzi. Nilikuwa nakaa kiti cha pembeni yako. Nilikuwa naliona sikio kabla hujasema neno."

Nikwambie ukweli? Kwa sekunde moja nilifurahi. Mtu mzima mwenye akili zake amekaa miaka miwili analitazama sikio langu. Ujinga wa mapenzi hauna dawa. Kisha ile sekunde ikapita.

"Na Jumapili?"

"Jumapili kuna nini?"

"Nilipomwita mdogo wangu msaliti. Ulikuwa umekaa kulia kwangu. Ulijua si yeye."

Akachukua bisibisi akaanza kuifuta. Ilikuwa safi.

"Yale yalikuwa mambo ya ndugu," akasema. "Mimi nani niingilie?"

"Ulinisogezea jagi la maji ili nimalize kumtukana."

"Ulikuwa umepaliwa."

"Ungesema neno moja tu. 'Si yeye.' Hayo ni maneno mawili, haya, nimekosea hesabu. Maneno mawili."

"Ningesema, ningekuwa nimewauza wenzangu. Mimi ni nahodha, watu wamenipa timu yao." Akaiweka bisibisi chini, akanitazama, na uso wake ulikuwa umechoka kuliko nilivyouzoea. "Fainali ipite. Jumamosi jioni tukae, tuongee. Kuna mambo nataka tuongee vizuri."

Nilitaka kumpiga na karatasi ile. Badala yake nikaitikia. Nilidhani anatafuta mahali pa kuniombea radhi, na mimi mtu akiniomba radhi namsamehe kabla hajamaliza. Ndivyo nilivyo, na ndivyo ninavyoliwa.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa shangazi. Nilimkuta mlangoni, kajaza mlango mzima.

"Umekuja kugombana au kuomba?"

"Kuomba, shangazi."

"Basi sauti hiyo iache nje, uingie na magoti."

Mdogo wangu alikuwa chumba cha nyuma anashona kola za sare za shule. Rundo la kola nyeupe upande huu, rundo upande ule. Hakusimamisha cherehani.

"Nimekosa," nikasema.

"Najua."

"Nilikuwa sijui."

"Hukutaka kujua."

Nikamweleza habari ya karatasi, ya mpishi, ya sikio. Nikamwonyesha na ile nakala. Akaisoma, mguu ukaacha kukanyaga, kola ikabaki imening'inia kwenye sindano.

"Kwa hiyo sasa unajua si mimi, kwa sababu umeona karatasi."

"Ndiyo."

"Si kwa sababu mimi ni mdogo wako."

Nikaichukua nakala mkononi mwake, nikaikunja upya.  

"Na simu?" akauliza. "Umeshapata karatasi ya simu pia?"

"Ya simu sikuulizi tena. Yaliyopita si ndwele."

"Huulizi." Akarudisha mguu kwenye cherehani. "Siku ile hukuuliza, ulihesabu. Mara nne kwa wiki, nikikuona nakata, jibu likatoka. Leo umekuja kuniomba radhi, na bado huulizi. Kuhesabu unajua. Kuuliza hujui."

Hapo ndipo mtu mwenye busara angekaa chini akauliza. Mimi niliogopa. Niliogopa nini, sikujua wakati ule, lakini ulimi ulijua, ukakimbilia kwingine.

"Jumamosi tukiwa wanne tunatolewa," nikasema. "Sheria ni watano."

Cherehani ikanyamaza. Huko sebuleni shangazi akakohoa kikohozi cha mtu aliyesikia upuuzi.

"Kumbe ndicho kilichokuleta."

"Sicho. Wallahi sicho, nimeropoka tu."

"Nenda," akasema. "Nina kola mia mbili."

Nilitoka pale nikiwa nimelowa uso mzima, na shangazi hakunipa hata kitambaa. Alisema tu, "Mdomo huo, mwanangu, utakuzika," akafunga mlango polepole, kwa heshima.

Siku tatu sikula chakula kikaeleweka. Nilituma ujumbe, haukujibiwa. Nikatuma mwingine, nikaufuta mwenyewe kabla hajausoma.

Jumamosi saa tisa mchana tukakaa ukumbini watu wanne, kiti cha tano kitupu. Mwamuzi akaangalia saa yake.

"Dakika tano, Manyigu. Baada ya hapo naandika mmeshindwa."

"Tumwandikishe mama yako?" Mwalimu akaninong'oneza. "Angalau tuwe na mtu anayekuogopesha."

 Ng'ambo, Fundi alikuwa anapanga nyaya zake bila kunitazama. Mpishi alinitazama, nikiwa sina barakoa, akakodoa macho, akaanza kuhesabu jambo kichwani. Nilimwona anavyoelewa, na nilimwonea huruma.

Zimebaki dakika mbili, mlango ukafunguliwa. Mdogo wangu akaingia, nyuzi nyeupe bado zimemganda kwenye sketi. Akapita nyuma ya kiti changu, akakaa kiti cha mwisho, akavaa hedifoni.

"Mwalimu, nipo," akasema. "Nimekuja kwa ajili yenu. Nyinyi hamjanikosea."

Nilimwangalia. Hakugeuka.

Tukaanza. Sitakuchosha na risasi, lakini hili lazima nikusimulie. Raundi ya tatu mifuko yetu yote ilikuwa imejaa. Nikanyoosha mkono taratibu, nikasukuma hedifoni nyuma, sikio la kushoto likabaki wazi mbele ya Vifaru wote. Kisha nikasema kwa sauti ya chini, "Shibe."

Fundi alijua nimeisoma karatasi, lakini nadhani aliamini mazoea ya miaka mitatu hayafi kwa siku nne. Walikuja mbio na bunduki zao za bei rahisi. Tuliwapokea pale mlangoni, watano kwa watano. Raundi ya saba nikawafanyia tena. Ya nane njaa ilikuwa ya kweli, nikaziba masikio yote mawili, wakaogopa kuja. Fundi akainua kichwa, akanitazama juu ya skrini. Hakuwa na hasira. Alitazama kama mtu aliyekuta kufuli jipya mlangoni kwake.

Kinyozi alikuwa anapiga paja kwa furaha. Mwalimu alisema neno ambalo walimu hawaruhusiwi. Mdogo wangu alicheza kimya, anasema yanayotakiwa tu: "wawili kulia," "nimejeruhiwa," "nafunika." Kwangu, hakuna neno.

Lakini Fundi si mjinga. Aliacha kulitazama sikio, akaanza kuhesabu kama mimi. Wakatupata, wakatupita. Anayefika raundi kumi na tatu ndiye bingwa, na ubao ukasoma wao kumi na mbili, sisi kumi na moja. Raundi inayokuja tukishindwa, kwisha kazi.

Katika ushindi wetu wa kumi na moja, raundi iliyotangulia, nilikuwa nimebanwa pembeni na bastola tu, sina pa kutokea. Mdogo wangu akaja akasimama mbele yangu. Akapigwa yeye, nikapona mimi, tukashinda. 

Sasa duka limefunguliwa, sekunde thelathini kwenye saa. Nikatazama mifuko. Mwalimu anazo, Kinyozi anazo, Dereva anazo. Mdogo wangu alikufa na bunduki yake, na fedha za ushindi hazikumtosha kununua nyingine. Mimi nilikuwa na fedha za bunduki moja, za mtu mmoja.

Katika miaka mitatu sijawahi kujivua silaha. Nimewaambia wenzangu mara elfu, anayehesabu abaki hai, akifa yeye mnabaki kundi la vipofu. Mkono wa Birika huo.

Nikanunua bunduki, nikairusha miguuni kwake. Nikanunua fulana? Hazikubaki za kutosha. Nikabaki na bastola ya bure.

Mchezaji wake akaigeukia ile bunduki, akasimama juu yake. Hakuinama.

"Okota basi," Kinyozi akasema. "Muda."

Hakuokota.

"Sekunde ishirini," Mwalimu akasema.

"Chukua," nikamwambia. "Tafadhali. Ni yako."

"Sitaki kununuliwa."

Tulikuwa tunasikilizana wote watano. Dereva akaguna.

"Unataka nini?" nikauliza.

"Niulize."

Nilijua anachosema.  Ng'ambo ya skrini kuna mwanamume niliyekuwa nakwenda kukaa naye jioni ile tuongee, na hapa kuna mtoto niliyembeba mgongoni kabla sijajua kusoma. Na sekunde zinakwenda.

"Sekunde kumi na tano. Jamani."

"Ulikuwa," nikasema, nikaanza upya. "Ulikuwa unaongea nini na Fundi?"

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Hakutaki tena, dada. Tangu kabla hajahama timu. Alinipigia akitaka mimi ndiye nikwambie, eti yeye hawezi kukutazama usoni. Nikamkatalia. Kila alipopiga nilimwambia, njoo ukae naye, umwambie kwa mdomo wako, usimfanyie hivi dada yangu. Mwisho akasema atakwambia fainali ikipita."

 Mwalimu aliacha kuhesabu sekunde.

Yale niliyoitikia karakanani yakanirudia, kukaa, kuongea vizuri, na ule uso uliochoka. Nikaelewa kwamba mtu hachoki vile kwa ajili ya kuomba radhi. Na nikaelewa kwamba Jumapili ile, nilipokuwa nampigia kelele mdogo wangu, alikuwa na jibu mdomoni ambalo lingenivunja mbele ya mama na mbele ya mwanamume huyo, akaona heri aitwe msaliti.

Kwenye skrini akainama, akaokota bunduki.

Lango likafunguka. Mwalimu, Kinyozi na Dereva wakatoka mbio kama tulivyopanga. Mimi nilibaki pale dukani na bastola yangu, nikaona mchezaji wa mdogo wangu amefika langoni, amesimama, amegeuka. Akarudi.

"Simama nyuma yangu, dada," akasema.

Nikasikia hatua za Vifaru zinakuja upande wetu, nyingi, na za mbele zilikuwa za Fundi, maana hakuna anayekimbia kama yeye. Vidole vilikuwa juu ya vitufe na havikutaka kunipeleka popote, si mbele kwa Fundi, si nyuma ya mdogo wangu. Yaliyofuata nitakusimulia wiki ijayo.